Uliza Mvua Kwanza: Kutafuta Chanzo cha Wadudu na Magonjwa ya Nafaka

Mtu anaingia duka la pembejeo na jani la hindi mkononi. "Nipe dawa ya hii." Muuzaji analigeuza jani mara mbili, ananyoosha mkono kwenye rafu, anashusha chupa, hela inatoka, biashara imeisha. Hakuna aliyeuliza mvua ya mwisho ilinyesha lini, wala ilinyesha namna gani. Mara nyingi nusu ya jibu ilikuwa humo.

Mwongozo huu umepangwa kwa dalili kama zinavyoonekana shambani. Chini ya kila dalili kuna washukiwa, hali ya hewa inayowaleta, na namna ya kuwatofautisha kwa jicho, mkono na kisu. Umelenga zaidi mahindi, mpunga, mtama na ngano za Tanzania na Kenya.

Kabla hujaingia shambani, rudisha kumbukumbu wiki sita nyuma. Kama jua limekuwa kali na mvua imekata, fikiria kwanza wadudu wanaofyonza kama vithiripsi na vidukari, viwavijeshi vamizi, na baadaye sumukuvu, yaani sumu inayotolewa na kuvu, kwenye punje. Kama kumekuwa na mawingu, manyunyu na umande unaokawia kukauka asubuhi, fikiria kuvu: kutu, madoa, mabaka, na blasti ya mpunga. Hali ya tatu ndiyo inayosahaulika, nayo ndiyo hatari kuliko zote: ukame mrefu unaokatika ghafla kwa mvua kubwa. Hapo ndipo viwavijeshi vya Afrika, nzige na virusi vya milia hujitokeza kwa wingi. Ukame unakuwa umewapunguza maadui wao, kisha mvua inaleta nyasi changa kila mahali kwa wakati mmoja.

Joto nalo lina kazi yake. Mdudu hana joto lake mwilini, anategemea la nje. Likipanda, anakula zaidi na kizazi kinafupika. Kiwavijeshi vamizi humaliza mzunguko wake kwa takriban siku 30 penye joto, lakini penye baridi anaweza kuchukua 60 au zaidi. Utafiti uliochapishwa 2018 ulikadiria kwamba kila nyuzi 1 ya ongezeko la joto duniani itaongeza hasara ya wadudu kwenye mahindi, mpunga na ngano kwa asilimia 10 hadi 25. Mkulima wa ukanda wa juu aliyezoea kwamba baridi inamlinda anapaswa kulisikia hilo.

KABLA HUJAMLAUMU MDUDU

Majani yamejikunja mchana yakasimama kama upanga, lakini alfajiri yamefunguka: hiyo ni kiu. Hakuna dawa ya kupulizia itakayosaidia.

Njano inaanzia kwenye ncha ya majani ya chini, ikishuka katikati ya jani kwa umbo la V: naitrojeni imepungua. Hutokea sana baada ya mvua kubwa, kwa sababu maji huishusha mbolea chini ya mizizi, na udongo uliotuama maji hupoteza naitrojeni hewani. Baada ya mafuriko ya mwishoni mwa 2023 na yale ya masika ya 2024, mashamba mengi ya bondeni yalikuwa na rangi hii hii, na wapo walioipulizia dawa ya kuvu. Kilichotakiwa ni mfereji wa kutoa maji, kisha mbolea ya kukuzia kidogo udongo ukishapata hewa. Ukiweka Urea kwenye maji yaliyotuama umeitupa.

Zambarau kwenye miche midogo wakati wa baridi na unyevu ni fosforasi ambayo mizizi haijaweza kuichukua. Udongo ukipata joto na mizizi ikikua, mara nyingi rangi huondoka yenyewe. Majani yaliyochanika upande mmoja wa shamba zima, siku moja, ni mvua ya mawe. Mche hupona kama kiini hakijavunjika, ila majeraha hayo ni mlango wa bakteria, kwa hiyo uyakague tena baada ya wiki.

MAJANI YAMELIWA

Hapa ndipo makosa ya gharama kubwa hufanyika, kwa hiyo twende polepole.

Chukua mche mmoja, fungua kiini kwa vidole. Ukikuta unga wa rangi ya kahawia, kama maganda ya mbao iliyokatwa kwa msumeno, yenye unyevu, na chini yake kiwavi amejificha, huyo ni kiwavijeshi vamizi. Mgeuze umtazame mgongo karibu na mkia: kwenye pingili ya pili kutoka mwisho kuna nukta nne nyeusi zilizopangwa kama pembe za mraba. Kichwani ana alama nyeupe ya herufi Y iliyogeuzwa, lakini usitegemee hiyo peke yake, maana viwavi wengine wana alama inayofanana. Nukta nne ndizo ushahidi. Miche ya jirani itakuwa na viwavi wa ukubwa tofauti, na majani machanga yana vidirisha vyeupe ambapo kiwavi mdogo amekwangua upande mmoja bila kutoboa.

Huyu aliripotiwa Afrika kwa mara ya kwanza mapema 2016, upande wa magharibi, na kufikia 2017 alikuwa Kenya na Tanzania. Nondo mmoja hutaga fungu la mayai 100 hadi 200, lililofunikwa na manyoya kama ukungu. Mvua kubwa ni adui yake, kwa kuwa huwasomba viwavi wachanga na kuwazamisha ndani ya kiini. Ndiyo maana msimu wenye mvua za kukatika-katika ndio anaoupenda: mimea imekosa nguvu ya kuchipua haraka, na hakuna maji ya kumtoa. Mahindi yaliyopandwa kwa kuchelewa huumia zaidi, kwa sababu nondo wameshazaliana kwenye mashamba ya waliotangulia.

Usipulizie kwa sababu umeona majani matatu. Tembea shamba kwa umbo la W, simama mahali patano, kila mahali kagua miche kumi mfululizo. Mahindi yakiwa madogo, miche kumi kati ya hiyo hamsini ikiwa na dalili mpya, ndipo dawa ina maana. Yakiwa makubwa zaidi lakini bado hayajatoa mbelewele, subiri mpaka ishirini. Neno "mpya" ni la muhimu: jani lililotoboka wiki mbili zilizopita litabaki limetoboka, hata kama kiwavi alishakufa siku nyingi. Angalia kiini, usiangalie jani la nje.

Sasa mshukiwa wa pili. Juzi shamba lilikuwa zima, leo imebaki mishipa ya kati ya majani. Viwavi wako nje mchana kweupe, weusi wenye mistari, karibu wote wa ukubwa mmoja, na wanatembea kwa kundi kutoka nyasi za kando kuingia shambani. Maharage yaliyochanganywa na mahindi hayajaguswa. Hao ni viwavijeshi vya Afrika, jamaa wa kale, wanaokula mimea ya jamii ya nyasi tu: mahindi, mtama, ulezi, mpunga, ngano, malisho.

Asili yao ni upepo na mvua. Nondo husafiri usiku na upepo, na penye dhoruba ya mvua upepo huwakusanya na kuwashusha pamoja. Mlipuko wa kwanza wa msimu mara nyingi huonekana katikati ya Tanzania, kwenye mikoa kama Dodoma na Morogoro, baada ya mvua za mwanzo, kisha vizazi vinavyofuata hupanda kaskazini kuelekea Arusha na Kenya. Kituo cha serikali kilichopo Tengeru, Arusha, kimefuatilia nondo hawa kwa mitego ya harufu kwa miaka mingi, na baadhi ya vijiji vimefundishwa kutumia mtego mmoja na kipimo cha mvua kutabiri wenyewe. Nondo wakiwa wengi mtegoni na mvua ikanyesha wiki hiyo hiyo, jiandae kukagua nyasi za pembeni. Kama hakuna mtego kijijini kwako, chukua hii: ukame mrefu, kisha mvua za radi, kagua kila siku kuanzia wiki ya pili.

Kuna kichekesho kimoja kuhusu dawa yao. Kiwavi hukaa kama kiwavi kwa wiki mbili mpaka tatu, kisha wote hushuka kwenye udongo kujigeuza pupa, hatua ya kutulia kabla ya kuwa nondo. Mkulima akipulizia siku za mwisho, kesho yake shamba ni tupu, naye anaisifu dawa mpaka msimu ujao. Walikuwa wanaondoka hata angewapigia filimbi. Viwavi wakishafika urefu wa sentimita 3, weka fedha yako kwenye kurudishia mbegu au mbolea. Mvua ikiendelea kwa wingi nayo husaidia, kwa sababu kwenye unyevu virusi vinavyowaua viwavi hawa husambaa haraka. Ukiona wananing'inia kichwa chini kwenye majani, wamelainika na kutoa majimaji, usipulizie tena.

Kwa wafugaji: usirudishe ng'ombe mara moja kwenye malisho yaliyotoka kuliwa. Baadhi ya nyasi zinazochipua baada ya shambulio huwa na sumu ya kuweza kuua mnyama.

Wa tatu ni nzige wa jangwani, na kwake hakuna haja ya darubini. Inafaa tu kujua alikotoka mara ya mwisho. Mei 2018 kimbunga Mekunu kilipiga Salalah, Oman, na Oktoba mwaka huo kikafuata Luban. Maji yakatuama kwenye jangwa la Robo Tupu, mahali ambapo hakuna mtu wa kuona, na nzige wakazaana vizazi vitatu mfululizo. Mwishoni mwa 2019, baada ya mvua zisizo za kawaida kwenye Pembe ya Afrika, makundi yaliingia Kenya, mabaya zaidi kuonekana nchini humo kwa miaka 70, na mwanzoni mwa 2021 baadhi yalivuka hadi kaskazini mwa Tanzania. Kundi la kilomita moja ya mraba hula kwa siku chakula kama cha watu 35,000. Hilo si la bomba la mgongoni. Piga simu kwa bwana shamba na ofisi ya kata, eleza mahali walipotua jioni, maana usiku hawaruki na alfajiri ndiyo nafasi ya kuwapata.

KIINI KIMEKAUKA, MAJANI YA CHINI BADO YA KIJANI

Shika jani la katikati lililokauka, livute juu taratibu. Kisha chukua kisu, pasua shina kwa urefu.

Likitoka kirahisi, na ndani ya shina kuna njia iliyotobolewa yenye kinyesi, umempata bungua. Nyanda za juu zenye baridi ni mji wa bungua wa asili ya Afrika, na ukanda wa chini wenye joto, pwani ikiwamo, unatawaliwa na yule aliyetoka Asia. Mpaka kati yao umekuwa ukipanda mlima kadiri joto linavyoongezeka, kwa hiyo usishangae kumkuta wa pwani mahali ambapo wazee wako hawakumjua. Kiangazi bungua hulala ndani ya mabua makavu, na mvua za kwanza humwamsha. Mabua yakiachwa yamesimama mpaka mvua zinakuja, umemhifadhia chumba. Yakate, ulishie mifugo au uyalaze juani yapate joto kali kabla ya msimu.

Likitoka na utelezi wenye harufu ya kuoza, bila njia yoyote ya mdudu, ni bakteria wa kuozesha shina. Hufuata joto pamoja na maji yaliyotuama au yaliyomwagiwa juu ya kiini. Ng'oa mmea huo, toa maji shambani. Dawa ya wadudu haina kazi hapo.

Kwenye mtama mdogo wa chini ya mwezi mmoja, kiini kikikauka bila shina kutobolewa kwa urefu, tafuta funza mdogo mweupe chini kabisa: ni nzi wa mtama. Mvua zikichelewa na watu wakapanda kwa kupishana, nzi huhama kutoka shamba la kwanza hadi la mwisho. Aliyepanda mwisho ndiye analipa. Kijiji kikipanda pamoja ndani ya muda mfupi, tatizo hupungua sana, na hilo halihitaji senti.

Kwa bungua na viwavijeshi vamizi kwa pamoja, kilimo cha sukuma-vuta kilichobuniwa na icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, huko Mbita, Kenya, pamoja na kituo cha utafiti cha Rothamsted cha Uingereza, kinastahili kujaribiwa. Desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, hupandwa kati ya mistari, harufu yake huwafukuza nondo, na nyasi za pembeni huwavuta. Penye ukame tumia desmodiamu ya majani ya kijani na nyasi za brachiaria badala ya nyasi za tembo, kwa kuwa hivyo vinavumilia. Desmodiamu hiyo hiyo huzuia gugu la kiduha.

NJANO, MILIA, NA KUKAUKA KUTOKA UKINGONI

Milia myembamba ya njano iliyonyooka, inayofuata mishipa ya jani kutoka chini hadi ncha, ni virusi vya milia ya mahindi. Huenezwa na panzi wadogo wa majani wanaoruka ukigusa mche. Ukame huwaondoa kwenye nyasi zinazokauka na kuwaleta kwenye kitu pekee cha kijani kilichobaki, yaani shamba lako. Mche ulioambukizwa ukiwa mdogo hautazaa cha maana.

Dalili nyingine inafanana na hiyo kwa mbali, lakini ni mbaya zaidi. Majani machanga yana madoadoa ya njano na kijani, kisha kingo zinakauka kuelekea katikati, mmea unaonekana umekomaa kabla ya wakati. Maganda ya hindi yamekauka wakati shina bado ni kijani. Ukimenya, punje ni chache au hakuna. Hii ni MLN, ugonjwa hatari wa mahindi ulioripotiwa kwanza Bomet, Kenya, Septemba 2011, na Tanzania mwaka uliofuata. Ni virusi viwili vikikutana kwenye mmea mmoja, kimoja kikienezwa hasa na vithiripsi, kingine na vidukari. Wote wawili hustawi penye ukavu, na mvua kubwa huwaosha majanini. Shamba linalopandwa mahindi juu ya mahindi mwaka mzima kwa umwagiliaji ni kiwanda cha virusi hivi.

Mtu anayekuuzia dawa ya kutibu virusi, iwe milia au MLN, anakuibia. Kinachowezekana ni kung'oa mimea michache ya mwanzo, kupumzisha shamba kwa maharage, viazi au mboga kwa misimu miwili angalau, na kununua mbegu iliyothibitishwa yenye uvumilivu. Mimea iliyong'olewa unaweza kulishia ng'ombe ikiwa bado kijani. Hindi lenye ukungu, usimpe mnyama wala mtu.

Kwenye mpunga, njano ya jinsi hii pamoja na kudumaa na majani yenye mabaka ya njano na kijani ni kimyanga. Huenezwa na wadudu aina ya mende wadogo, pia kwa mikono na zana wakati wa kung'oa miche kitaluni. Ukiona kitalu kina dalili, usihamishe hata mche unaoonekana mzima.

MADOA, MABAKA NA VUMBI

Pitisha kidole au kitambaa cheupe juu ya jani. Kikichafuka kwa unga wa rangi ya kutu au njano, ni kutu. Kwenye ngano, unga wa njano uliopangwa mistari hupenda baridi na unyevu. Unga mwekundu wa kahawia ulio hasa kwenye shina hupenda joto zaidi. Huu wa shina ndio una historia: aina yake iitwayo Ug99 ilipatikana Uganda 1998, ikashinda kinga ambayo ngano nyingi duniani ilikuwa imeitegemea, ikaenea Kenya, Ethiopia, Yemen, na kufika Tanzania. Vumbi la kuvu huyu hubebwa na upepo masafa marefu, kwa hiyo usafi wa shamba lako peke yake haukulindi. Njoro, Kenya, ndiko ngano kutoka nchi nyingi hupelekwa kupimwa dhidi yake. Uliza mbegu kwa jina na mwaka wa kutolewa, maana aina iliyokuwa na kinga miaka kumi iliyopita huenda imeshaipoteza.

Madoa ya mahindi: yakiwa ya mstatili, yamebanwa na mishipa kana kwamba yamechorwa kwa rula, rangi ya kijivu, yakianzia majani ya chini, ni madoa ya kijivu. Yakiwa marefu, yamechongoka ncha mbili, makubwa kama kidole, ni mabaka ya majani, yanayopenda ubaridi na umande mrefu. Yote mawili hulala kwenye masalia ya mahindi ya mwaka jana. Kama ugonjwa uko kwenye majani ya chini tu na mahindi yameshaanza kukomaa, acha. Kama umefika kwenye jani la hindi lenyewe na juu yake kabla punje hazijajaa, hasara inakuja, na hapo dawa ya kuvu inaweza kulipa kwa mwenye shamba kubwa. Kwa mwenye ekari moja, bora fedha hiyo iende kwenye mbegu yenye kinga.

SUKE LA MPUNGA NI JEUPE, LIMESIMAMA, HALINA KITU

Kilombero, Mbarali, Mwea, swali ni hilo hilo kila msimu. Livute suke.

Likichomoka kirahisi na chini limetafunwa, ni bungua. Lisipochomoka, angalia shingo, pale suke linapotokea: pakiwa na weusi au ukahawia uliozunguka na kuvunjika, ni blasti ya shingo. Rudi kwenye majani utafute madoa ya umbo la almasi yenye kijivu katikati. Blasti hupenda usiku wa baridi kidogo na umande, na huwa kali pale mkulima alipoweka Urea nyingi kwa mkupuo au maji yalipokata ukame ukaingia. Gawa mbolea mara mbili au tatu, na ukiweza usiliache shamba likauke.

Shingo ikiwa safi na suke halichomoki, fikiria joto. Mpunga ukichanua wakati joto limepita nyuzi 35 mchana, chavua hufa na punje hubaki tupu. Linganisha na shamba la jirani aliyepanda aina ile ile wiki mbili kabla au baada: kama lake limejaa, umepata jibu.

HINDI LINA MAPENGO

Hapa napo ni hesabu ya chavua. Mbelewele hutoka, nywele za hindi zinachelewa kwa sababu ya ukame, chavua inaisha kabla nywele hazijajitokeza. Punje hujaa chini, ncha tupu. Usikimbilie kununua dawa kwa ajili hiyo. Kama nywele zimekatwa fupi, tafuta mende wanaozila au viwavijeshi vamizi waliohamia kwenye hindi. Kama maganda yalikauka mapema, rudi kwenye MLN hapo juu.

Mtama ulionyofolewa punje na kubaki maganda ni kwelea kwelea. Ukame ukiua mbegu za nyasi porini, ndege hawana pengine pa kwenda. Kila ndege hula karibu gramu 10 kwa siku, ambayo haionekani kitu mpaka uzidishe kwa milioni. Toa taarifa ya mahali wanapolala, siyo mahali wanapokula, kwa sababu ndege za serikali hupulizia malalo.

DAWA IMEPIGWA, WADUDU WAPO

Uliza saa ngapi ilipigwa. Saa sita mchana kwenye jua kali, dawa hukauka hewani na kiwavi yuko ndani ya kiini chini ya kinyesi chake. Piga alfajiri au jioni, elekeza mdomo wa bomba ndani ya kiini. Dawa za jamii ya pairethroidi pia hupungua nguvu joto likizidi, ndiyo maana iliyofanya kazi Juni inaweza kushindwa Februari.

Uliza kama mvua ilinyesha baada yake. Uliza kiwavi alikuwa na ukubwa gani, maana mkubwa hastuki. Uliza kama ni dawa ile ile msimu wa tatu mfululizo. Na kama mayai yaliyokuwa yanageuka meusi kwa kuvamiwa na nyigu wadogo yameacha kuonekana tangu uanze kupulizia kila wiki, basi umewaua wasaidizi wako. Wapo wakulima wadogo wanaotia majivu au mchanga kidogo ndani ya kiini. Kwa robo ekari na mikono ya familia, si jambo la kudharau.

UKUNGU KWENYE PUNJE

Hii ndiyo sehemu inayoua watu, kwa hiyo isomwe hata na asiyelima.

Kuvu wa sumukuvu, mwenye rangi ya kijani inayoelekea njano, huingia kwenye hindi likiwa bado shambani, pale ukame na joto vinapokutana na punje zinazojaa. Bungua na viwavi humfungulia njia. Mvua ikinyesha wakati wa kuvuna, anamalizia kazi ghalani. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa kula mahindi ya namna hii. Mwaka 2016 ilitokea Dodoma na Manyara, watu wapatao 20 wakapoteza maisha. Ukungu wa waridi au mweupe ni wa kuvu wengine, nao wana sumu zao.

Vuna mara mahindi yakikomaa. Kusubiri yakaukie shambani wakati mvua za nje ya msimu zimetabiriwa ni kucheza kamari. Anika juu ya turubai au kichanja, kamwe si juu ya udongo. Kupima ukavu bila mashine: chukua chupa ya kioo kavu yenye kifuniko, jaza mahindi theluthi, ongeza vijiko vichache vya chumvi kavu, tikisa dakika moja, acha dakika 15. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, unyevu umezidi asilimia 15, rudisha juani. Ikibaki imetawanyika chini, unaweza kuendelea, ingawa lengo la ghalani ni 13.5 au chini. Mifuko isiyopitisha hewa huua dumuzi bila dawa, lakini ukitia mahindi mabichi humo umeiozesha mali yako mwenyewe.

Kwenye maeneo ya ukame wa mara kwa mara, Kenya na Tanzania zina Aflasafe, punje zilizobeba kuvu wa jamii hiyo asiye na sumu. Hutawanywa shambani wiki mbili hadi tatu kabla ya kuchanua, udongo ukiwa na unyevu, naye huchukua nafasi ya mwenye sumu.

Kama yameshavunwa na yana wasiwasi: chambua punje zilizobadilika rangi, zilizovunjika na zilizotobolewa, kwani ndizo hubeba sehemu kubwa ya sumu. Kupika hakuiondoi, si kwa ugali wala kwa pombe. Kukoboa hupunguza, lakini kilichotoka kinabaki kwenye pumba. Pumba hizo usimpe kuku wala ng'ombe wa maziwa, maana kwa ng'ombe sumu hupita ikatoka kwenye maziwa anayokunywa mtoto. Zichome au zifukie mbali na mifugo.